Mkono wa mwamuzi ukishapanda

Wiki hii nimeitazama tena fainali ya raga ya Australia ya mwaka 2019, Sydney Roosters na Canberra Raiders, na bado imeniuma. Safari hii nilikuwa na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Usa River, kijana anayeijua Yanga nje ndani lakini raga ya watu 13 haijui kabisa. Ikabidi nianze mwanzo.

Hii si ile raga ya watu 15 inayochezwa na vijana wa hapa Arusha. Ziliachana mwaka 1895 kaskazini mwa Uingereza, ugomvi ukiwa fidia kwa wachezaji waliokatwa mshahara kazini kwa sababu ya kwenda kucheza. Katika hii ya 13, timu yenye mpira inakabwa na kuangushwa mara sita tu, kisha mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana zamu ya mwisho ikifika, kwa kawaida unaupiga teke. Wapinzani wakiuchezea katikati ya hesabu, mwamuzi anapunga mkono juu ya kichwa na hesabu inaanza upya. Mkono huo ndio kila kitu.

Matokeo yalikuwa 8-8, muda unayoyoma, Raiders wanashambulia. Mpira ukapigwa juu, ukagombewa, ukarudi kwa Raiders. Mwamuzi Ben Cummins akapunga mkono: upya. Jack Wighton, akijua bado ana nafasi tele, akaukumbatia mpira na kukubali kuangushwa. Kumbe uamuzi ulishageuzwa, na kwa sheria huo wa pili ndio ulikuwa sahihi: ile ndiyo ilikuwa zamu ya mwisho. Roosters wakapewa mpira, wakapanda nao, na punde si punde James Tedesco akafunga. Mchezo ukaisha 14-8.

Mpwa wangu akasimamisha picha. “Anko, lakini umesema uamuzi wa pili ndio ulikuwa sahihi. Sasa kosa liko wapi?”

Ni swali zuri, na wenye ligi walijitetea hivyohivyo: mwishowe waamuzi walifika kwenye jibu sahihi. Ni kweli, walifika. Lakini Wighton hakucheza kwa jibu lile, alicheza kwa mkono aliouona. Angejua ni zamu ya mwisho angepiga teke, au angempasia mwenzake, au angejaribu chochote kile kuliko kulala chini na mpira. Mchezaji hana kitabu cha sheria mfukoni wala televisheni mbele yake. Ana mkono wa mwamuzi na filimbi yake, basi. Ukimwonyesha hivi kisha ukamhukumu vile, umemdhulumu hata kama kitabu kiko upande wako. Hapo siyumbi.

Na usiku ule macho hayakukosekana. Uwanjani walikuwamo waamuzi wawili, pembeni wa vibendera, na ligi ilikuwa na chumba chake maalumu cha video tangu 2016. Vyote hivyo, na mkono bado ukapanda vibaya.

Mwaka uliofuata zikaja sheria mpya. Nahodha akapewa haki ya kupinga uamuzi, ana sekunde 10 za kuamua, na akishindwa anaipoteza nafasi hiyo. Mimi naipenda sana, kwa kuwa inamtaka mwenye lalamiko aweke kitu rehani. Lakini mwaka huohuo wakamwondoa mwamuzi wa pili, na huyu mmoja aliyebaki akaongezewa madaraka: aliyeangusha akichelewa kumwachia mwenye mpira, mwamuzi anaanzisha hesabu upya bila kusimamisha mchezo. Nahodha naye anaweza kupinga pale tu mchezo uliposimama. Kwa hiyo uamuzi unaoweza kuisukuma timu mpaka lango la wenzake haukatiwi rufaa. Pasi ya mbele nayo chumba cha video hakiiamui, maana kamera iliyokaa kimshazari inadanganya. Mzigo wote huo uko kwenye macho ya mtu mmoja anayekimbia. Huyo ndiye wa kufundishwa, kulipwa vizuri na kulindwa, kabla ya kununua kioo kingine cha video.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo raga hii imetutangulia mbali. Mwamuzi amevaa kipaza sauti, na wa kwenye chumba cha video anasikika akisema anachokitafuta: mguu uligusa mstari? mpira ulimponyoka? Unaweza kubishana naye, lakini umesikia sababu.

Mpwa wangu alinyamaza hapo, kisha akasema, “Aziz Ki.” Sikuhitaji anieleze. Pretoria, Aprili 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na Mamelodi Sundowns: shuti la Aziz Ki, kiungo wa Yanga wakati ule, likagonga mwamba, mpira ukadunda chini, VAR, yaani waamuzi wa video, ikapitia, goli likakataliwa, na mwamuzi hakwenda kwenye kioo kujitazamia mwenyewe. Yanga wakatolewa kwa penalti. Nilikuwa Ngarenaro usiku ule, kwenye banda lililojaa, na kilichowachoma watu zaidi ni kwamba hakuna aliyetuambia kitu. Tuliachwa tubuni sababu wenyewe, na watu wakibuni sababu hubuni rushwa.

Mwamuzi ninayemheshimu kuliko wote huchezesha mechi za mchangani huku kwetu, viwanja visivyo na hata wavu. Akipuliza filimbi anamwita nahodha, anamwambia kosa ni nini na limetokea wapi, kisha mpira unaendelea. Wakimzunguka anawataka warudi, abaki na nahodha peke yake. Jumapili ana mechi, nimempigia simu na amekubali mpwa wangu ashike kibendera upande mmoja. Kijana ameniuliza mara mbili kama mpira ukigonga mkono wa mchezaji aliyelala ni faulo. Nimemwambia amuulize mwamuzi kabla ya mechi kuanza, siyo katikati.