Punje nyeusi ndani ya chembe nyeupe

Jana jioni, harufu ya karafuu inaingia dirishani, niko kwenye hadubini hapa Chake Chake, Pemba, na slaidi ya damu ya mtoto aliyerudi kutoka bara wiki iliyopita. Homa siku ya tatu. Nikadondosha mafuta, nikaweka lenzi ya kukuza mara 100, na vimelea vya malaria hivi hapa: vipete vidogo vya zambarau ndani ya chembe nyekundu. Lakini kilichonishika moyo ni chembe nyeupe moja pembeni, askari wa mwili, imejaa punje za hudhurungi, karibu nyeusi.

Punje hizo ni hemozoini, takataka inayobaki kimelea kikishakula himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Chembe ile ilikuwa imepigana! Silaha yake ni oksijeni kali inayoitengeneza yenyewe ili kumuunguza adui. Tabu ni kwamba ukali huo huo huijeruhi nayo, mafuta ya utando wake yakaharibika. Na maabara zimeonesha kuwa ikishashiba hemozoini, haiwashi tena moto kama ule wa mwanzo. Hapo vimelea vilivyobaki hupata upenyo wa kuzaliana. Nimelijua hili miaka, ila jana nililihisi.

Bibi wa mtoto alisimama mlangoni. "Mwanangu, umeona nini?"

Nikamwita aangalie. Akainama, kanga kaishika kifuani, akanyamaza kitambo.

"Masikini. Nayo imechoka."

Dawa mseto ilianza usiku ule ule. Asubuhi hii mtoto kaomba uji.