Mwanangu Hulala kwa Mama Mwenzangu, Nami Hupumzika

Tangu mwanangu alipogunduliwa kuwa na mtindio wa ubongo, ushauri niliopewa kuliko mwingine wowote ni kuvumilia, eti mama wa kweli hamkabidhi mtoto mwenye ulemavu kwa watu. Waliosema hivyo hawajawahi kuamka usiku kumgeuza kijana wa miaka kumi na miwili aliyekakamaa viungo, kumbadilisha nepi, kisha kukaa macho kwa kuhofia kifafa. Kufikia mwaka jana mgongo ulikuwa umenikatika, hasira zilikuwa karibu, na hata kijana alipolala fofofo mimi usingizi haukuja. Daktari aliyenipima hakuona ugonjwa. Alisema nimechoka mwili na akili, na kwamba lazima apatikane mtu wa kunipokea mara kwa mara kabla sijaanguka.

Shangazi yangu alilielewa agizo hilo kwa namna yake: nimbebe mtoto, niende kwake Lushoto nikapumzike. Basi tukapanda gari Tanga, nimempakata njia nzima, kwa sababu kiti chake maalumu chenye mikanda ya kifuani hakikuingia kwenye buti. Kona za mlimani baada ya Mombo zilimtapisha. Kwa shangazi choo kiko nje, chini ya ngazi za udongo, na baridi ya huko ilizidi kumkaza misuli. Kwa kuwa hatukuwa na kiti, nilimlisha nimemkalisha mapajani, mkono mmoja umeshika kidevu na mwingine kijiko, na bakuli moja la uji wa lishe lilichukua karibu saa nzima. Wageni waliokuja kutupa pole mchana kutwa walitaka chai, na chai niliipika mimi. Nilirudi Tanga hoi kuliko nilivyoondoka, nami nikakata shauri kwamba safari nyingine mtoto ndiye atakayekwenda, na anayebaki nyumbani ni mimi.

Mtu wa kunipokea nilimpata kwenye mazoezi ya viungo hospitalini, ambako sisi akina mama hukutana wiki baada ya wiki. Ni mama wa Ngamiani ambaye binti yake ana hali kama ya mwanangu. Tulikubaliana kwamba mwezi huu mwanangu alale kwake kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, na mwezi unaofuata binti yake aje kwangu. Malipo hatulipani, anayepeleka mtoto hupeleka pia chakula, nepi na elfu thelathini au arobaini hivi za msichana anayesaidia usiku.

Siri ya kufanikiwa kwetu ni maandalizi. Kabla mwanangu hajalala kwake hata usiku mmoja, mama huyo alikuja kwangu jioni kadhaa akamlisha mwenyewe, nami nimekaa chumba cha pili bila kusema neno. Alihitaji kuona kwa macho yake kwamba kijana hulishwa akiwa amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, na kwamba halazwi mara tu baada ya kula, kwa sababu chakula kikienda njia ya hewa huleta nimonia. Dawa ya kifafa huipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kamwe si kwa kijiko cha jikoni, na saa zake zimeandikwa kwenye daftari linalosafiri naye. Hila ninayojivunia ni kanga: naivaa siku mbili tatu bila kuifua, kisha naitandika juu ya mto wake huko Ngamiani. Usiku wa kwanza alilia mpaka alipoinusa, akatulia.

Mama mkwe aliniuliza kwa uchungu kwa nini namtupa mjukuu wake. Sikubishana naye, nilimwomba aende akashinde huko Jumamosi nzima. Alirudi akiniambia kijana amecheka sana na yule binti, na tangu hapo yeye ndiye anayenikumbusha Ijumaa ikifika.

Wikiendi hizo mimi hulala. Mara ya kwanza nililala mchana kutwa, na Jumapili nilipokwenda kumchukua nilikuwa na nguvu ya kumbeba na hamu ya kumwimbia. Wazazi wenzangu, pangeni tarehe mapema na muiheshimu hata mwezi mnaojiona wazima, maana anayengoja mpaka azidiwe hukosa hata nguvu ya kumfundisha mtu wa kumpokea.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 28 ya mkataba huo inataja huduma ya kuwapumzisha walezi miongoni mwa misaada ambayo familia maskini zinastahili kupata kwa serikali. Ibara hiyo tumeinukuu katika barua tuliyoipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, kuomba nyumba yenye vitanda vichache na wahudumu wa usiku waliofunzwa. Wakati tunasubiri jibu, tumemwongeza mama wa tatu, kwa kuwa watoto wanakua na mtu mmoja hawezi tena kumnyanyua mwanangu salama kutoka kitandani.