Koni ya hina, bapa la kisu

Mimi ni mpaka hina wa Mji wa Kale, Mombasa, na siku hizi napaka visu pia. Chanzo ni keki za harusi. Wenye shughuli hutaka kisu cha kukatia keki kiwe na maua kama yaliyo mikononi mwa bibi harusi. Zamani walikifunga utepe tu wakaridhika. Koni ninayotumia ni ile ile, ila badala ya hina natia ndani rangi nyeusi ya lami, ile ipakwayo mapaa yasivuje, nikiizimua kwa tapentaini, kisha nakitia kisu kwenye tindikali inayokula chuma.

Mkono haupati tabu. Tabu ni ya akili. Hina unapoiweka ndipo rangi inaposhika, lakini kwenye chuma ni kinyume: palipopakwa lami tindikali haifiki, panabaki paking'aa, na pasipopakwa ndipo panapoliwa, pakawa kijivu. Kwa hivyo ua nililochora husimama juu kidogo na uwanja unaolizunguka hushuka. Inanibidi niangalie nafasi tupu kwanza, kisha ndiyo mistari. Daniel Hopfer, fundi wa Augsburg, Ujerumani, aliyefariki 1536, alipamba mavazi ya chuma ya wapiganaji kwa mtindo huu huu: mapambo yang'ae, uwanja wa nyuma uliwe na tindikali. Baadaye akauhamishia ufundi huo kwenye mabamba ya chuma ya kuchapia picha. Nilifurahi kujua kuwa wazimu huu una wenyewe.

Mchoro ninaoupenda ni korosho, ile ya kwenye leso. Tumbo lake linajaa vizuri kwenye bapa, na mkia unapinda kuelekea ncha bila kulazimishwa. Vijistari vyembamba vya ndani, vile vinavyopendeza kwenye kiganja, naviacha. Tindikali haili kwenda chini tu, hula na ubavuni, ikapenya chini ya lami, na mstari mwembamba huondoka wote. Nachora mnene kuliko ninavyotaka uonekane.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie siki au ndimu. Hazifui dafu kwa stenlesi. Chuma hicho kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, nayo hujifunika utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu. Ninachotumia ni feriki kloraidi, kemikali ya chuma na klorini, inayouzwa na wauza vifaa vya elektroniki kwa sababu mafundi huitumia kula shaba kwenye bodi za saketi. Kusema kweli ni chumvi, ila sote twaiita tindikali. Kloraidi iliyomo huvunja ule utando, na feriki hushambulia chuma kilicho chini yake. Ukinunua ya unga, tia unga kwenye maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya unga, kwa maana hupata moto sana.

Si kila stenlesi ni sawa. Kijiko kilichopigwa muhuri wa 18/8 kina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, na ni mbishi. Kisu cha kawaida cha jikoni mara nyingi kina kromiamu kama asilimia 13, kwa sababu lazima kiwe na kaboni ya kutosha kishike makali, na hicho huliwa upesi zaidi. Mimi huenda dukani na sumaku: kisu kikiinata, nakichukua.

Kabla ya kuchora nakisugua kwa msasa laini, nakiosha kwa sabuni, nakifuta kwa asetoni, halafu sikigusi bapa kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya lami ibanduke. Makali, mpini na upande wa pili navifunga tepu. Kisha nakilaza upande wa mchoro ukitazama chini ndani ya chombo cha plastiki, nikikiegemeza pembeni kisiguse sakafu ya chombo, ili uchafu unaotoka udondoke usigande juu ya ua. Sufuria ya alumini usithubutu, itatobolewa huku ikifoka. Joto la Mombasa lenyewe huharakisha kazi, kwa hiyo nakichungulia kila baada ya dakika chache badala ya kutegemea saa. Glavu na miwani ni lazima, na baibui ya kazi iwe ile usiyoipenda, kwa kuwa doa la kahawia la feriki kloraidi halitoki.

Kikitoka nakiosha, nakisugua kwa magadi ya kuokea, nakiosha tena, nakikausha na kukipaka mafuta ya kula. Kloraidi ikibaki kwenye vishimo, kutu itaonekana hata kwenye stenlesi. Mchoro nauweka karibu na mgongo, mbali na makali, la sivyo kitunguu kitaingia kwenye maua.

Maji ya feriki kloraidi yaliyochoka hugeuka rangi ya kijani kibichi, nayo sasa yana kromiamu, na pengine nikeli. Nyumba zetu huku zina visima. Simwagi chochote: natia magadi mpaka povu liishe, naacha matope yatuame, nayakausha na kuyafungia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

Wenye mashine za leza mjini huandika jina kwenye kisu kwa dakika chache, na kwa bei ambayo siwezi kushindana nayo. Anayetaka jina tu namwelekeza kwao. Anayetaka korosho naomba aniletee kisu wiki moja kabla ya harusi, na asikipeleke kunolewa sokoni Marikiti kabla sijakimaliza.