Nimerudi Ujiji na maneno yangu yote, kilichochelewa ni kuitikia

Kabla sijarudi watu walikuwa wananiuliza kama Kiswahili bado kipo kichwani. Kipo. Maneno yapo, methali za bibi zipo, hata Kiha changu cha kuokoteza kipo vilevile. Ambacho hakikuja kwa ndege moja na mimi ni ile hisia ya kujua sasa hivi ni zamu yangu kusema, hapa niitikie tu, hapa ninyamaze, hapa nikichelewa kidogo mtu atafikiri vingine. Hakuna mtu alinikalisha chini kunifundisha hivo vitu nikiwa mdogo, ndo mana sikujua kama mtu akikaa mbali miaka mingi vinaweza kulegea.

Siku za mwanzo jirani yetu mmoja, mama aliyenijua toka nabebwa mgongoni, alinisimamisha njiani. Habari za huko? Nzuri mama. Za watu wa huko? Salama. Za kazi? Hapo nikatulia kidogo nifikirie, kazi ipi, niliyoacha kule au hii ninayotafuta hapa, na hata sekunde haijaisha akanishika mkono akaniambia taratibu, "Mwanangu, kuna tatizo?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Salamu zetu zinaenda kwa kasi yake, jibu linakanyaga mkia wa swali na swali linalofuata linakanyaga mkia wa jibu, marahaba inatoka mdomoni kabla shikamoo haijamalizika vizuri, kwaiyo pengo likitokea katikati linasikika kuliko neno lolote. Unasema nzuri kwanza, haraka, alafu ukishafika kwenye "ila sasa..." ndo unaeleza kwamba mtoto anaumwa au kazi imeisha. Wageni wengine wanaona huo ni unafiki, kwamba mtu anasema nzuri wakati kuna shida, mi siuoni hivo kabisa. Shida imetengewa nafasi yake, na mwenzako anaisubiri pale.

Nimelifuatilia sana hili jambo kwasababu lilinigusa. Mwaka 1974 Marekani watafiti watatu, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, waliandika kuhusu namna watu wanavyopeana zamu kwenye maongezi ya kawaida kabisa, walisikiliza rekodi za stori za watu, simu na nini, wakaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa anasema mmoja kwa wakati, na anayesema anaweza kumchagua anayefuata, asipomchagua mtu mwingine anaingia mwenyewe, na asipoingia mtu basi yuleyule anaendelea. Alafu mwaka 2009 kundi la watafiti likiongozwa na Tanya Stivers, kutoka taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen Uholanzi, wakapima lugha kumi, kuanzia Kijapani mpaka lugha ya jamii moja ya wawindaji wa Namibia, waliangalia maswali ya ndio na hapana tu. Wastani wa kimya kati ya swali na jibu ulikuwa kama milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kufumba na kufumbua tayari kumeshapita hapo. Wajapani ndo walikuwa wa haraka kuliko wote, karibu hakuna pengo, na wa mwisho kwa taratibu walikuwa Wadenmark, karibu nusu sekunde.

Na mimi nilikuwa Denmark! Odense, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimekaa na wale wazee, nawalisha, nawasikiliza, na wazee wa kule hawapendi kuharakishwa, unauliza unataka kahawa, anakuangalia, anatulia, ndo anajibu. Nikakaa kwenye mwendo huo mpaka ukawa wangu. Kiswahili hakikuwemo kwenye zile lugha kumi, na natamani sana kuna siku mtu aje apime hapa Kigoma, apime Ujiji barazani, apime mwaloni Kibirizi, apime na Mwanga sokoni.

Kitu ambacho kilinishangaza zaidi ni hiki. Mtu akionyeshwa picha ya kitu na kuambiwa akitaje, neno moja tu, inamchukua kama milisekunde 600 tangu aone mpaka sauti itoke. Sasa kama jibu linatoka baada ya 200, mana yake kichwa kilianza kuliandaa wakati mwenzake bado anaongea. Hatusubiri mtu amalize ndo tufikirie, tunamsikiliza huku tunapiga hesabu atamaliza wapi, ni kama watoto wa kike wanaporuka kamba, anayeingia haingii kamba ikisimama, anaitazama inavyozunguka na mwili wake unajua. Mi naona Kiswahili kinamsaidia sana msikilizaji hapo. Mtu akisema "hatuja..." tayari nimeshajua ni sisi, tena tumekanusha, kabla hata kitendo chenyewe hakijatajwa. Alafu ile silabi ya pili toka mwisho tunavyoivuta, "umekuuula?", inakwambia jiandae, imebaki moja. Na kama hiyo haitoshi kuna vile vya mwishoni, si ndio, au sio, eti mama, ambavyo ni kama anakukabidhi zamu mkononi na jina lako juu.

Lakini sehemu niliyoimisi kuliko zote ni eeh. Dada yangu alinisuka nikiwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya miguu yake, mama mdogo anachambua dagaa pembeni, binamu kakaa mlangoni na mtoto, na stori moja ilisimuliwa na watu wanne. Mama mdogo anasema "basi yule kijana akaja", dada anasema "eeh", "akaja na baba yake", "enhee", "sasa baba yake si unamjua", na binamu kule mlangoni "ndo yuleyule wa Kasulu?", "ndo huyohuyo!", na stori inasonga. Mimi nilikaa kimya kwa heshima, nasikiliza vizuri, kama nilivyozoea. Mama mdogo akasimama katikati ya sentensi akaniuliza kama nimelala. Kwetu kunyamaza siyo kusikiliza, kusikiliza kuna sauti, na asiyeitikia anamwachia msimuliaji mzigo wote peke yake. Hata bibi zetu hawaanzi hadithi mpaka "hadithi hadithi" ijibiwe "hadithi njoo", yani watoto lazima waonyeshe wapo ndo safari ianze. Na angalia mama yeyote na mtoto mchanga, anamwambia "umeshiba eeh?" alafu anatulia, anaacha nafasi, mtoto anatoa kisauti, "eeh umeshiba, kumbe!" Huyo mtoto hajui neno hata moja ila zamu ameshaanza kupewa.

Ndo mana huwa naumia mtu akisema watu wa huku wanaingiliana wakiongea, hawana ustaarabu. Kudakia maneno ya mtu ili umnyang'anye stori ni jambo baya na hata hapa mtoto akifanya hivo mbele ya wakubwa anakemewa palepale. Ila kumalizia pamoja na mtu, kuweka eeh juu ya sauti yake, kumpa jina lililompotea, hiyo ni kumsaidia kubeba.

Kimya nacho kina kazi yake. Sokoni Mwanga niliuliza fungu la migebuka, yule mama akasema elfu tatu, mimi nikawa nahesabu tu kichwani kama pesa niliyoshika inatosha, akasema mwenyewe "haya chukua elfu mbili na mia tano". Sijasema kitu. Amesikia kile kipande cha kimya akakitafsiri, na kwa mazoea ya soko amekitafsiri vizuri, mana mnunuzi anayekubali bei anaitikia hapohapo. Watafiti wameliona hili kwingine pia, waliwapa watu wa Marekani, Italia na Japani wasikilize maongezi ambayo mtu anaombwa kitu, na kadiri kimya kabla ya "sawa" kilivyorefushwa ndivyo wote, wa nchi zote tatu, walivyomwona huyo mtu hataki kwa moyo. Muombe mjomba akuazime bajaji yake kesho uone. Akiwa anakupa, "chukua" inatoka hata hujamaliza. Akianza na "aaah", kidogo, "unajua mwanangu", wewe mshukuru tu uende.

Wazee ndo wana sheria nyingine. Babu yangu akiwa barazani anasema nusu ya jambo, anachukua kikombe cha kahawa, anapuliza, anakunywa, anakirudisha, na hiyo zamu bado ni yake, hakuna mtu anaigusa. Watu wazima wenye midomo mikali kabisa wanasubiri. Na bibi akisalimiwa kwa Kiha yale makofi ya taratibu yanaendelea mpaka mkubwa atosheke, huwezi kuyakata ukawahi daladala. Hapo mwendo wangu wa Odense ulinifaa kweli, nimekaa na babu muda mrefu kuliko wajukuu wenzangu na nimesikia mambo ya ziwa na ya reli ambayo wao wanasema hajawahi kuwaambia.

Sisi watu wa Kigoma tuna majirani sokwe pale Gombe ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960, na mwaka 2024 watafiti walitoa kazi kuhusu sokwe wa jamii tano za Afrika Mashariki, walikusanya ishara zao za mikono zaidi ya 8,000, wakakuta nao wanajibizana, mmoja anaomba kitu kwa mkono na mwenzake anajibu kwa mkono, pengo lao likawa kama milisekunde 120. Nilisoma hiyo nikatulia kidogo. Kupeana zamu kunaonekana ni kwa zamani kuliko maneno.

Sasa nije kwa mama yangu, ambaye ndo sababu ya kuandika yote haya. Miaka yote ile tulikuwa tunaongea kwa video. Wataalamu wa mawasiliano wanashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, ikizidi sana hapo maongezi yanaanza kuharibika, na netiweki ikiwa mbovu inazidi mbali. Sauti inachelewa kwenda na inachelewa kurudi. Nilikuwa namuuliza "mama umekula?", kimya, na tumbo langu linaingia baridi, najua anaficha kitu. Na yeye upande wake ananiuliza "umepata kazi ya kudumu?", kimya, anakaa na wasiwasi wiki nzima. Eeh zake zilikuwa zinanifikia nikiwa tayari nimeshaanza sentensi nyingine, nadhani anataka kusema kitu, nanyamaza, na yeye ananyamaza. Tumekuja kuongea haya tukiwa jikoni saivi, tukimenya muhogo, akaniambia alikuwa anaona kama nimekuwa mtoto wa baridi. Na mimi nilikuwa nasikia kama amechoka na maisha. Sote wawili tulikuwa wazima!

Kwaiyo wenzangu mlioko nje, mkipiga simu nyumbani na netiweki inasumbua, zimeni video sauti ipite. Ulizeni swali moja, msiongeze la pili juu yake mpaka la kwanza lirudi. Kama mama ana jambo refu mwambieni atume voisi, aongee mwendo wake mwenyewe bila kukatwa na mtu. Na mkigongana maneno kaa kimya wewe yeye aendelee, mana akishasema "haya sema wewe kwanza", lile alilotaka kukwambia hatalirudia.