"Haifanyi kazi": ninavyopokea ripoti za hitilafu bila kumfungia mtu tiketi

Nina programu huria ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, basi. Nimeiandika kwa lugha ya Python na vifaa vya Qt vya kuchora madirisha, data inakaa kwenye hifadhidata ya SQLite, na inatumika kwenye Windows, Linux na Mac. Kuiandika ilikuwa kazi ya jioni baada ya kazi. Kilichonitoa jasho ni kupokea malalamiko ya watu wanaoitumia kwenye kompyuta ambazo sijawahi kuziona wala kuzigusa.

Wajuzi walinipa ushauri, tena kwa kujiamini. Weka fomu ndefu ya Kiingereza yenye vipengele vya lazima. Asiyeijaza, mfungie tiketi, yaani ripoti yake ya hitilafu kwenye ukurasa wa mradi. Weka na roboti ya kufunga yenyewe kila tiketi iliyokaa kimya muda mrefu, ili ukurasa uwe safi. Mmoja akaniambia kabisa kwamba mtumiaji asiyejua kueleza tatizo lake hana tatizo. Ningependa huyo aje siku moja akae na katibu wa kikoba anayehesabu fedha za akina mama thelathini huku simu ikiita.

Fomu niliiweka. Wachache waliofika kwenye hiyo fomu waliandika "Haifanyi kazi" kwenye kila kipengele, kuanzia toleo la programu hadi hatua za kurudia tatizo. Wengi hawakufika, kwa sababu hawana akaunti ya GitHub, tovuti unakokaa msimbo wa mradi na tiketi zake, na hawana sababu ya kuwa nayo. Wananitumia WhatsApp, mara nyingi sauti, mara nyingi usiku baada ya kikao. Tiketi naandika mimi mwenyewe kwa maneno yao, kisha naongeza ya kwangu. Na sibandiki picha zao hadharani hata siku moja. Kuna mweka hazina aliwahi kunitumia hifadhidata nzima, majina na madeni ya kila mwanachama, ili "uangalie mwenyewe". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, deni la mtu si kitu cha kuanika kwenye mtandao ili kutafuta hitilafu ya kujumlisha.

Sasa nisimulie ile iliyonifanya niiondoe roboti.

Kuna kijana wa Ujerumani anajitolea kwenye mradi, mchapakazi sana. Vikundi vingine vilikuwa vinafanya vikao viwili kwa siku, na ripoti ya pili ilikuwa inaifuta ya kwanza kwa sababu jina la faili lilikuwa na tarehe tu. Akaongeza saa kwenye jina, yaani ripoti ya kikao cha saa kumi na nusu jioni ikawa inaishia na 16:30.csv (csv ni jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwa Excel). Safi. Kwenye Linux inafanya kazi, na yeye anatumia Linux. GitHub inaipa miradi huria mashine za majaribio bure, za Windows na Mac pia, na zote zikawaka kijani, yaani majaribio yamepita. Tukatoa toleo.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mtu wa Nairobi mwenye Mac. Hakusema programu imeharibika. Alisema jina la ripoti linaonekana na mkwaju, 16/30, na akauliza kama ni makusudi. Mwenzangu mmoja akajibu kwamba ni urembo tu, hakuna madhara. Tiketi ikakaa, roboti ikapita, ikafunga.

Kisha akanipigia mama mmoja wa Morogoro, katibu wa kikoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Programu yako imekula ripoti zetu."

Zimeliwaje? Zipo, lakini ni tupu. Faili lipo kwenye folda, ukubwa wake sifuri, ukilibonyeza Windows inauliza ulifungue kwa programu gani. Nikajaribu kwangu: ripoti inatoka imejaa vizuri, hadi senti ya mwisho. Nikajaribu kwenye Windows ya jirani: programu inasema imehifadhi, haitoi kosa lolote. Ndani ya programu ukibonyeza "fungua ripoti ya mwisho", inafunguka na namba zote ziko pale! Ukiitafuta kwenye folda, ni ganda tupu. Nilianza kuhisi nalogwa.

Nikamwomba picha. Hapa nina msimamo ambao wajuzi wanaucheka: siombi skrinshoti, naomba picha ya simu, skrini nzima, pamoja na meza ikibidi. Mtu akikata skrinshoti anakata kile anachodhani hakihusu, na humo ndimo jibu linamokaa. Picha ya mama ilikuwa imepinda, mwanga wa dirisha umekula robo ya skrini, chupa ya chai inaonekana pembeni. Lakini chini kulia, nyuma ya folda, kulikuwa na kidirisha kilichojificha nusu. Nikakuza picha mpaka ikawa vigae. Windows ilikuwa inamuuliza kama kweli anataka kunakili faili kwenda kwenye flashi bila "properties" zake.

Mama alikuwa anakiona kidirisha hicho kila wiki na kila wiki anabonyeza ndiyo. Angejaza fomu ya Kiingereza asingekitaja, kwa sababu kwake hakikuwa kosa, kilikuwa ni swali, na alikuwa amelijibu.

Faili la maandishi la kawaida lina "properties" gani za kushindwa kuingia kwenye flashi? Hapo ndipo nikakumbuka mikondo. Diski za NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili yake, tangu Windows NT ya 1993, zinaruhusu faili moja kubeba data ya ziada pembeni, mkondo wenye jina lake, usioonekana kwenye folda wala kuhesabiwa kwenye ukubwa. Na kinachotenganisha jina la faili na jina la mkondo ni nukta mbili. Kwa hiyo tulipoiambia Windows iandike ripoti inayoishia 16:30.csv, haikukataa. Ilitengeneza faili linaloishia 16, tupu, kisha ikaweka ripoti yote kwenye mkondo uitwao 30.csv. Majaribio yetu yalipita kwa sababu yaliandika na kusoma kwa jina lilelile, na kwa jina hilo kila kitu kipo. Kijana wetu angeongeza na sekunde, nukta mbili zingekuwa mahali pawili, Windows ingepiga kelele papo hapo na tusingefika kote huko. Flashi za FAT32, mfumo wa zamani na mwepesi zaidi wa kupanga mafaili, hazijui mikondo kabisa, ndiyo maana ya lile swali: ukikubali, linahama ganda peke yake.

Na yule wa Mac? Finder, programu ya Mac ya kuonyesha mafaili, huonyesha nukta mbili za jina la faili kama mkwaju, desturi ya tangu Mac za zamani ambazo nukta mbili ndizo zilitenganisha folda. Alikuwa ameshika mkia wa nyoka yuleyule, sisi tukamwambia ni kamba. Kinachochekesha ni kwamba Microsoft waliweka mikondo hiyo ili seva za Windows ziweze kutunza mafaili ya Mac.

Nikamtumia mama sauti: fungua dirisha jeusi, andika d-i-r, acha nafasi, mkwaju, r. Akaja mjukuu wake akaandika. Picha iliyorudi sitaisahau: kila ganda la sifuri, na chini yake mstari ulioingia ndani kidogo, wenye jina kamili na ukubwa wa kweli.

"Kwa hiyo zimejificha nyuma ya hizi?"

"Ndiyo mama, ziko salama. Usinakili tena chochote."

Ripoti hizo hazikuwa za mapambo. Kikoba kikivunja mzunguko na kugawana, daftari jipya linaanza upya, na ripoti za vikao ndizo zinazobaki kama kuna mtu atabisha hisa zake. Ilibidi zirudi, tena kwa watu ambao sitaweza kuwasomea herufi kwa simu mmoja mmoja.

Hapa niruhusiwe kujisifu. Njia ya kitabu ni kuita kazi za ndani za Windows zinazoorodhesha mikondo, na kuziita kutoka Python ni maumivu ya kichwa. Mimi nikajiuliza: jina la mkondo ni nini? Ni dakika. Dakika ziko 60 tu! Basi toleo lililofuata, likiwashwa kwenye Windows, linatafuta mafaili ya ripoti yenye ukubwa wa sifuri na yasiyo na kiambishi, kisha kwa kila moja linajaribu kufungua 00.csv, 01.csv, 02.csv mpaka 59.csv. Linalofunguka linanakiliwa kwenye faili jipya lenye jina la kistaarabu. Mistari michache ya msimbo, hakuna cha kusakinisha. Mama aliwasha kompyuta, akakuta ripoti zimerudi, akanitumia sauti ya vigelegele. Zile zilizokuwa zimehamia kwenye flashi na za asili kufutwa, hizo zilikwenda moja kwa moja, na vikundi kadhaa vilirudi kwenye daftari la karatasi. Ndiyo sababu nasema kila siku: karatasi msitupe.

Roboti niliing'oa siku ileile. Tiketi ya Nairobi nikaifungua na kumwandikia mwenyewe asante.

Baada ya hapo nikaweka kitufe kwenye menyu ya Msaada, "Nakili taarifa". Wazo si langu. LibreOffice ina kitufe cha namna hiyo kwenye dirisha lake la Kuhusu. Changu kinanakili toleo la programu, aina ya Windows au Linux, lugha ya mfumo, alama ya desimali, folda inayotumika, na kama diski ni NTFS au FAT32. Pia mistari ya mwisho ya kumbukumbu za programu, majina ya wanachama yakiwa yamegeuzwa namba. Mtu anabandika WhatsApp, kwisha. Kwa tiketi nyingi sina haja ya kuuliza swali la pili. Ile alama ya desimali usiidharau: mtu wa Bujumbura mwenye Excel ya Kifaransa alisema safu zote zimejibana kwenye safu moja, na kweli, Excel yake inasubiri nukta-mkato kwa sababu mkato kwake ni desimali.

Kuhusu saa, nina kipimo changu. Mtu akilalamika kwamba saa imepotea, namuuliza kwa kiasi gani. Akisema saa tatu, ni sisi: mahali fulani tumeonyesha saa ya UTC, ile ya kimataifa iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, bila kuigeuza. Akisema saa sita kamili, programu ni nzima, yeye amesoma 16:30 akitegemea kumi na nusu. Hiyo ya pili nilikuwa naifunga kwa maelezo, ila zilivyozidi nikaweka chaguo la kuonyesha saa ya Kiswahili, na sasa ndilo chaguo linalosifiwa kuliko kazi zote ngumu nilizowahi kufanya humo.

"Programu yako ina virusi" ni malalamiko ya kudumu. Programu za Python zikifungashwa kuwa faili moja la exe, vizuia-virusi vingi huzishuku. Nilipoacha faili moja na kutoa folda nzima ndani ya zip, malalamiko yalipungua sana. Kwenye Mac ni balaa jingine: programu isiyosainiwa inaweza kuambiwa imeharibika na itupwe kapuni, hali ni nzima. Kusaini kunataka uanachama wa Apple, dola 99 kwa mwaka, na mradi hauna hata dola ya chai. Nimeandika maelezo ya kuikwepa, watu wanahangaika nayo, wanafika.

La Windows 7 ndilo linalonigombanisha na wenzangu. Ukisikia mtu anasema programu inadai faili linaloitwa api-ms-win-core-path, usihangaike kumhoji: ana Windows 7, na Python kuanzia 3.9 haiikubali. Wajuzi wanasema Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, mwambie anunue kompyuta mpya. Kwa hela ya nani, ya mfuko wa jamii? Wakati wewe unamwambia hivyo, yeye ameshapakua hilo faili kutoka tovuti ya ovyo na sasa virusi anavyo kweli. Nilinunua laptop chakavu kwa fundi, laki moja na kitu hivi, betri imekufa, nikaisakinishia Windows 7. Naitolea toleo lake peke yake kwa Python 3.8 na Qt 5. Vipengele vipya haipati, marekebisho ya hesabu inapata.

Jina la ripoti nalo halikutulia. Tulibadilisha 16:30 ikawa 16-30, na wiki ileile vikundi vikaanza kuuliza mbona ripoti inasema ni ya tarehe 16 hadi 30 wakati kikao kilikuwa tarehe 12. Sasa ni 1630, na mpaka leo hakuna aliyelalamika isipokuwa mtu mmoja aliyedhani ni namba ya risiti.