Nimechagua Nini?

Agosti 2022, nilipotoka kupiga kura na wino ukiwa bado mbichi kidoleni, ami yangu, ambaye ni mvuvi, aliniuliza barazani nimechagua nini. Nilipoanza kumtajia majina alinikatiza: "Sikukuuliza nani. Nimekuuliza nini." Sikuwa na jibu.

Hapa Lamu sanduku la kura tumelijaribu kwa dhati. Mwaka 2013 tulimchagua Issa Timamy kuwa gavana wetu wa kwanza, 2017 tukamweka Fahim Twaha mahali pake, na 2022 tukamrudisha Timamy. Kupokezana madaraka kwa amani namna hiyo si jambo dogo, wala silidharau. Hata hivyo, jambo lililotutia hofu kuliko yote katika miaka hiyo, yaani mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, halikuamuliwa na kura ya yeyote. Leseni yake ilitolewa 2016, pasipo uchaguzi wowote. Walioizuia ni watu waliohudhuria vikao, wakaandamana, wakakusanya hati na kuzifikisha mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira (linalosikiliza rufaa za leseni kama hiyo), ambalo tarehe 26 Juni 2019 liliifuta leseni hiyo, sababu mojawapo kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wavuvi nao walikwenda mahakamani 2012, mwaka ule ule ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET, yaani bandari mpya ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, na ni 2018 ndipo Mahakama Kuu ilipoamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. (Nakiri kwamba njia hii ni ya polepole mno: chaguzi kuu mbili zilipita kesi ikingali inasikilizwa.)

Kutokana na haya, wako vijana wanaoniambia kwamba kupiga kura ni kupoteza siku. Hapo tunaachana. Jopo lile lisingekuwa na nguvu ya hoja iliyokuwa nayo kama Katiba isingeilazimu serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kuyatunza mazingira, kama isemavyo Ibara ya 69. Na Katiba hiyo tuliipitisha wenyewe kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Karatasi ya siku ile haikuwa na picha ya mgombea wala jina lake, ilikuwa na "ndiyo" na "la" tu, nami naiona kuwa kura iliyotufaa kupita zote nilizowahi kupiga. Lakini hata hiyo ingebaki maandishi matupu lau wasingetokea watu wa kuidai mbele ya jopo miaka kadhaa baadaye.

Ami hajaisoma ibara hiyo. Ila kila mkutano wa hadhara unapoitishwa, yeye husimama kwanza kuuliza kumbukumbu za mkutano uliopita ziko wapi, na akiambiwa hazijaletwa, haketi.