Ninavyomchagulia mpwa wangu riwaya za miungu na majini

Kabla sijamnunulia mpwa wangu riwaya ya aina hii, humsimulia kwanza ngano iliyoizaa. Akinikatiza na "Enhe, halafu?", kitabu nakitafuta. Akirudi kwenye katuni, yameisha.

Tulianza na Fumo Liyongo, asiyeuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni, akachomwa na mwanawe mwenyewe. Mpwa wangu vita havikumshughulisha, alitaka kujua mtoto anamsalitije babaye. Basi nikamletea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo liwali huchapa manyani wawili kila usiku, kumbe ni ndugu zake. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, kwa hiyo mwanzo nilimsomea mimi.

Kisha The Lightning Thief (2005), miungu ya Wagiriki ikiishi Marekani ya leo. Rick Riordan aliianza kama hadithi za kumsimulia mwanawe wakati wa kulala, na kweli inasomeka vizuri kwa sauti. Dada yangu alishtuka: "Kaka, miungu yote hiyo, si utanivurugia mtoto?" Nikampa aisome kwanza. Aliirudisha na sharti moja: habari za Zeus zizungumzwe sebuleni, naye akiwepo.

Iliyoniumiza kichwa ni Akata Witch (2011) ya Nnedi Okorafor. Sunny, msichana wa miaka 12 anayeishi Aba, Nigeria, ana ualbino, na ndiye shujaa. Kwetu Tanzania, ambako watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hilo si dogo. Lakini adui yake huteka na kuua watoto, tena uwezo wa Sunny wa kuingia ulimwengu wa roho unahusishwa na ualbino wake. Imani ya namna hiyohiyo ndiyo iliyowaponza watu huku. Niliisoma yote kabla ya kuamua. Kilichonishawishi ni chittim, pesa zinazowadondokea watoto hao kila wanapojifunza jambo jipya: humo mwenye mali ni mwenye maarifa.

Nikampa, ila kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza nilimweleza waziwazi kwamba ualbino ni upungufu wa rangi mwilini, mtu huzaliwa nao, na uganga wa kitabuni ni wa kubuni. Angekuwa na miaka 8, ningemwacha kwanza na Liyongo.